Nyufa za vanishi: shajara ya gitaa la Mwalimu

12 Januari

Karakana yangu ipo Pasua, hapa Moshi, na hakuna mteja anayekosa kunitania kwamba fundi wa kuunga vilivyopasuka amejua kuchagua mtaa. Leo utani umetoka kwa mwalimu mstaafu wa miaka 78, aliyeshuka kwenye bajaji akiwa amekumbatia kasha jeusi lililofungwa kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekuletea mgonjwa, fundi. Kapasuka mwili mzima, ila sauti bado anayo."

Ni gitaa la akustika la nyuzi sita, lenye mwili mpana, lililotengenezwa Amerika ya Kaskazini miaka ya 1960. Nembo ya kichwani imefutika, lebo ya ndani imeliwa na mende, kwa hiyo sina kampuni ya kuisifu wala ya kuilaumu. Uso ni wa mti wa sprusi, mgongo, mbavu na shingo ni mahogani. Vanishi ambayo bila shaka ilitoka kiwandani ikiwa angavu sasa ina rangi ya asali, na imejaa nyufa nyembamba kama unywele toka mabegani mpaka makalioni, mfano wa sahani ya kauri iliyooshwa na vizazi vitatu.

Anachotaka: "Kwangua yote, upige klia mpya, ling'ae." Jirani yangu wa makabati, ambaye kupuliza klia, yaani laka isiyo na rangi, ndiyo ugali wake, alikuwa ameshashika msasa namba 80 mkononi. Nikamwomba Mwalimu aniachie wiki mbili za kuliangalia kwanza. Kakubali. Nimefungua daftari hili kwa sababu najijua, wiki mbili zangu huwa hazifiki mwisho kwa wakati.

13 Januari

Nimeshinda na tochi. Taa ya dari haioneshi kitu. Tochi unailaza karibu kabisa na ubao, mwanga upite kwa ubavu, halafu unaiburuta pole pole. Nimechora umbo la gitaa kwenye karatasi ya manila nikawa nahamishia kila ufa kwa kalamu. Baada ya saa mbili za kuona fujo, nikaona ukoo. Tena koo tatu.

Ukoo wa kwanza ni nyufa zinazokatiza mistari ya mbao. Mistari ya sprusi imenyooka toka shingoni hadi makalioni kama ya daftari la shule. Nyufa hizi zinaikata kwa upana, zimepishana sentimita moja au mbili, uso mzima, na hata kwenye kisigino cha shingo. Hizi ndizo nyingi.

Wa pili ni zile zinazofuata mistari ya mbao. Chache, ndefu, zimekaa zaidi kwenye sehemu pana ya chini, kushoto na kulia kwa daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi usoni. Zinapokutana na za kwanza zinafanya vijisanduku, na kwenye vijisanduku kadhaa vanishi imeanza kuinua kona.

Ukoo wa tatu una mtu mmoja tu. Ni nyota. Ukingoni mwa uso, chini kulia, kuna miale saba inayotoka kwenye nukta moja, na duara moja na nusu limeizunguka. Hali ya hewa haichori nyota. Hapo kuna kitu kigumu kilichokutana na gitaa. Nimempigia simu Mwalimu kumuuliza. "Halijawahi kuanguka," kasema, kwa sauti ileile aliyokuwa akifungia mijadala ya darasani.

Kitu kingine: pale mkono wa kulia unapolala, na nyuma ya shingo pale kidole gumba kinapopita zaidi, hakuna ufa hata mmoja. Hapo vanishi ni laini, ukibonyeza kidole inataka kubaki nacho. Gitaa moja, vanishi moja. Huku kigae, kule gundi. Nimeweka alama ya kuuliza.

15 Januari

Kwetu mafundi kila kinachong'aa ni vanishi, na mimi nitaendelea kusema hivyo, lakini huwezi kutibu usichokijua. Nimefungua funguo moja ya kukazia nyuzi. Chini ya bati lake kuna eneo la ukubwa wa kucha lisiloonekana na mtu. Nikatia tone la spiriti kwa ncha ya njiti: limekaa, likalainisha kidogo, basi. Ingekuwa shelaki, ule utomvu wa wadudu wa India na Thailand, spiriti ingeigeuza uji. Nikatia tone la tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi: papo hapo imenata, njiti ikaacha alama. Ingekuwa poliyurethani au poliesta, tina ingetulia juu kama maji kwenye jani la mgimbi. Basi ni laka ya nitroselulosi, ndugu wa damu wa klia anayopuliza jirani yangu kwenye makabati ya jikoni.

Jirani amefurahi kweli kusikia hivyo. Nikamwambia ndugu ni ndugu, lakini huyu ana miaka 60.

Laka hii inatoka kwenye selulosi ya pamba iliyoloweshwa kwenye asidi ya nitriki na ya salfa. Ukizidisha nitrojeni unapata baruti ya pamba. Ukipunguza unapata kitu kinachoyeyuka kwenye tina na kukauka kikiwa kioo. Magari ndiyo yaliyoipa umaarufu: mwaka 1923 General Motors waliitumia kwenye chapa yao ya Oakland, na rangi iliyokuwa ikichukua wiki kukauka ikawa kazi ya saa chache. Watengenezaji wa magitaa hawakuchelewa. Kabla ya miaka ya 1920 kwisha, wengi wa Marekani walikuwa wameacha shelaki na vanishi za mafuta. Filamu za sinema zilikuwa za kitu hichohicho hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mipira ya tenisi ya mezani vilevile kwa miaka mingi.

Ila nitroselulosi peke yake ni kavu mno, ikikunjwa inavunjika. Ndiyo maana kiwandani huchanganywa na kilainishi: kafuri, mafuta ya nyonyo yaliyotengenezwa, au kemikali nyingine nzito za mafuta. Tina hutoka siku za mwanzo. Kilainishi hakina haraka. Huondoka kidogo kidogo kwa miongo, na utando unabaki ukisinyaa na kuwa mgumu. Wakati huohuo mwanga wa jua unakata minyororo ya selulosi yenyewe, na ndiko inakotoka ile rangi ya asali. Mwisho unabaki na utando mwembamba, wa njano, usiojua tena kunyumbulika, uliogandia juu ya kitu ambacho hakiachi kutembea. Maana mbao haiachi kutembea.

Alama ya kuuliza ya juzi nayo imejijibu. Mafuta na jasho la ngozi vimeingia kwenye vanishi pale mkono unapolala, vikawa kilainishi kipya ambacho hakuna aliyekiagiza. Hata mkanda wa plastiki wa gitaa una mchezo huo: ukiachwa kwenye kasha miaka, kilainishi cha mkanda kinahamia kwenye laka, na laka inayeyuka kwa umbo la mkanda. Mgongoni mwa gitaa hili kuna alama kama hiyo, upana wa vidole vitatu.

19 Januari

Mwalimu kaja kusalimia, nikamtengea chai, nikamwomba anisimulie gitaa lilikoishi. Niliuliza kama daktari anavyouliza, na nilipata zaidi ya nilichotarajia.

Alilinunua mkononi mwa mtu mwaka 1971, Winnipeg, Kanada, alikokwenda kusomea ualimu. Kakaa huko majira matatu ya baridi. Usiku wa Januari kule joto kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida. Mwalimu anasema mara moja walilala safarini, gitaa likabaki kwenye buti la gari hadi asubuhi. Alipoliingiza ukumbini akalifungua karibu na hita, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na alitaka kuanza mazoezi.

"Likaanza kulia lenyewe. Tik. Tik-tik. Kama bisi za kwanza kwenye sufuria."

Nikaenda kuchukua ile manila.

Hesabu niliyomfanyia mezani ni hii. Mbao, ukiipima kwa urefu wa mistari yake, karibu haijali baridi: kila digrii moja inaipunguza kama sehemu 4 katika milioni. Nitroselulosi ni kama sehemu 100 katika milioni. Toka ndani ya nyumba ya nyuzi joto 20 hadi kwenye buti la 20 chini ya sifuri ni tofauti ya digrii 40. Kwenye mwili wa gitaa wenye urefu wa sentimita 50, mbao inataka kupungua chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Vanishi iliyobandikwa juu yake inataka kupungua milimita 2. Haiwezi, imeshikwa. Kwa hiyo inavutika kama ngozi ya ngoma, kwa urefu wa gitaa, na ikivutika kwa urefu inakatika kwa upana. Ukoo wa kwanza wa nyufa, ndio huo. Kwa upana wa mbao mambo si mabaya hivyo, kwa sababu mbao yenyewe inasinyaa kwa baridi mara nyingi zaidi upande huo na kuifuata vanishi sehemu ya njia.

Kuhusu hita, nina maoni yangu. Watu husema kufungua kasha kwenye joto ndiko kunakopasua. Nadhani nyufa nyingi zilishafunguka usiku, kwenye buti, ambako hapakuwa na msikilizaji. Hewa ya moto haipashi gitaa lote kwa mara moja. Pale palipoanza kutanuka palizisumbua sehemu za jirani zilizokuwa bado zimevutika, na zile zilizokuwa zimebakiza uzi mmoja zikakatika mbele ya watu. Vyovyote iwavyo dawa ni ileile: kasha likitoka baridini liachwe limefungwa hadi lipate joto la chumba, hata kama ni saa kadhaa.

Mwaka 1974 gitaa likaja Tanga. Huko likakaa miaka 24, nyumba ya karibu na bahari, dirisha wazi, na kila Jumamosi likipanguswa kwa mafuta ya nazi. Hilo la mafuta ya nazi amelisema kwa fahari, na mimi nikanywa chai.

26 Januari

Jirani haamini hesabu za mezani. "Laka yangu haijawahi kupasuka." Sawa, tujaribu. Nimechukua vibao viwili vya paini ya Sao Hill, nimevilaini hadi msasa namba 320, nimevipaka sendingi sila, koti la chini la kuziba vinyweleo vya mbao, kisha klia ya kwake mwenyewe. Kimoja koti tatu nyembamba. Kingine koti kumi na mbili, nene kama toffi. Vikauke wiki.

2 Februari

Mama wa samaki wa kona ya pili ana friza inayoshuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri. Kakubali kulaza vibao kwa usiku mmoja kwa masharti kwamba visiguse sato wake. Asubuhi nikavitoa, nikaviweka juani juu ya bati.

Hakuna kitu. Si ufa, si mlio. Jirani kacheka hadi kakaa chini. Vibao vinanuka samaki.

Nimekaa nikafikiri, nikaona kicheko chake ndicho jibu la nusu. Baridi ileile, tofauti ya digrii ileile, lakini laka ina wiki moja na kilainishi chake chote kimo ndani. Inavutika na inakubali. Kwa hiyo baridi peke yake haitoshi, ni lazima imkute mzee. Nimevirudisha vibao juu ya bati la paa, vikae huko kwenye jua la kiangazi hadi nitakapovisahau.

9 Februari

Leo nimejifunza kwa aibu. Kwenye ramani yangu kulikuwa na ufa mmoja mrefu ukingoni mwa pikgadi, kile kipande kinacholinda uso usikwaruzwe wakati wa kupiga, unaofuata mistari ya mbao kuelekea darajani. Niliuweka kwenye ukoo wa pili bila kufikiri. Jioni umeme ukakatika, nikawa nimetumbukiza taa ndogo ya betri ndani ya tundu la sauti nikitafuta skrubu iliyodondoka, na kwenye giza ule ufa ukawaka kama mlango uliofungwa vibaya.

Ni mbao iliyopasuka. Mwanga unapita. Nyufa nyingine zote zilibaki gizani.

Ningepaswa kuanza na kipimo hicho. Ufa wa vanishi ni jambo la sura. Ufa wa mbao ni jambo la maisha, kwa sababu uso wa gitaa ni ubao wa kama milimita 3 unaobeba mvutano wa nyuzi za chuma unaokaribia kilo 70. Vipimo vingine nilivyovirudia usiku uleule: ukipitisha kucha, ufa wa vanishi unakwaruza kidogo lakini pande zake ziko sawa, wa mbao mara nyingi upande mmoja uko juu. Ukibonyeza kwa kidole gumba kando yake, wa mbao unapumua. Na kioo cha kunyolea ndani ya tundu kinaonesha mstari upande wa pili.

Chanzo chake ni pikgadi yenyewe. Magitaa mengi ya enzi hizo, kipande hicho cha seluloidi kiligundishwa moja kwa moja kwenye mbao tupu kabla ya kupuliza laka. Seluloidi ni nitroselulosi na kafuri, yaani ni mzee mwingine anayepoteza kilainishi. Ikisinyaa inavuta mbao. Ongezea nyumba za Winnipeg, ambazo wakati wa baridi hewa yake ya hita ni kavu kupita kiasi na mbao inajipunguza kwa upana. Kitu kinachovutwa huku na kukauka huku kina mahali pake pa kukatikia.

Magitaa mengine ya zamani yalikuja na ahadi. Gallotone Champion iliyotengenezwa Afrika Kusini, aina ambayo John Lennon alianza nayo mwaka 1957, ilikuwa na lebo ndani iliyodhamini kwamba haitapasuka. Lile lilikuwa la mbao za tabaka, na mbao za tabaka kweli hazipasuki kirahisi. Vanishi hakuna aliyethubutu kuidhamini.

16 Februari

Kisahani cha sabuni chenye matundu, sponji yenye unyevu ndani, kimewekwa ndani ya gitaa na tundu limefunikwa. Kipimo cha unyevu cha karakana kinasoma asilimia 38 mchana. Nataka mbao inywe maji na kutanuka hadi ufa wake ujifunge; leo una upana wa karatasi mbili.

20 Februari

Karatasi moja.

23 Februari

Umejifunga. Nimepasha pikgadi joto la kikausha nywele cha mke wangu na kuitoa kwa kisu butu, kazi ya saa nzima na pumzi ya kubana. Chini yake mbao ni nyeupe kama ya jana, haijaona jua tangu kiwandani. Gundi ya moto ya ngozi imepenya ufa kwa kusukumwa na kidole toka juu huku mkono mwingine ukibonyeza kwa ndani. Vipande vitatu vya sprusi, nilivyochonga kwenye ubao wa piano iliyokufa, vimebandikwa ndani vikikatiza ufa, vikashikwa na sumaku hadi kesho. Pikgadi itarudi juu ya laka kwa gundi ya mkanda, iwe huru kusinyaa inavyotaka.

9 Machi

Vibao vimeshuka toka kwenye bati baada ya wiki tano. Vimekuwa vya njano. Nimevirudisha kwa mama wa samaki, ambaye sasa anaviita "wageni wangu".

Usiku wa kwanza: bado. Usiku wa pili nilikwenda mwenyewe alfajiri, nikatoa kile kinene kikiwa bado kinatoa moshi wa baridi, nikakiweka kwenye kiganja.

Tik.

Nyufa nne, zote zimekatiza mistari ya mbao. Hadi saa tatu asubuhi zilikuwa saba. Kibao chembamba hakina hata mmoja. Jirani kakigeuzageuza kile kinene bila kusema neno, kisha kaniuliza kama wateja wake wa makabati wana friza. Nimemwambia asiwe na hofu, ila apunguze koti. Utando mnene una nguvu nyingi zaidi za kuvutika ndani yake kuliko mwembamba, ndiyo maana magitaa yaliyopakwa laka nene ili yang'ae dukani ndiyo huwa ya kwanza kupasuka. Vibao viwili si utafiti, najua. Kwangu vimetosha.

Nimetumia kibao kinene kwa jaribio jingine nililokuwa nikilitamani. Zipo njia za kuyeyusha laka iliyopasuka ili ijiunge: unapitisha tina nzito inayokauka polepole, utando unakuwa uji kwa dakika chache, nyufa zinazama. Nimefanya. Zimezama. Uso ukawa kioo na nikajiona bingwa.

12 Machi

Zimerudi. Si nyufa wazi, ni vivuli vyake, mstari kwa mstari, jinsi tina ilivyotoka na utando kusinyaa tena. Na vumbi la bati lililokuwa ndani ya nyufa limefungiwa humo milele, vistari vya kijivu chini ya kioo. Kwenye gitaa lenye nusu karne ya jasho na mafuta ya nazi ndani ya nyufa zake ningefungia uchafu huo wote. Sifanyi.

6 Aprili

Masika imeingia kwa nguvu. Kipimo kinasoma asilimia 84 asubuhi, na bila kupanga nimepata somo la Tanga hapahapa Moshi. Nimeweka tochi tena. Nyufa za ukoo wa pili, zile zinazofuata mistari, zimefunguka zaidi kuliko Januari. Zile za ukoo wa kwanza hazijabadilika.

Ndivyo inavyopaswa kuwa. Unyevu na baridi vinashambulia kwa pande tofauti. Mbao ikinywa maji hairefuki, inatanuka kwa upana tu. Sprusi iliyokaa kwenye nyumba kavu ya Winnipeg ina maji kama asilimia 6 ya uzito wake. Ikikaa pwani inafika karibu 15. Kwa upana wa sentimita 40 wa sehemu ya chini ya gitaa, mbao iliyo huru ingetanuka kama milimita 5. Haiko huru, imebanwa na mihimili ya ndani na mbavu, lakini inasukuma, na vanishi kavu iliyo juu yake inachanwa kwa upana huo. Ikivutwa kwa upana, inapasuka kwa urefu.

Na watu wengi hudhani vanishi inazuia maji yasiingie. Inachelewesha tu, tena kwa upande mmoja. Chungulia ndani ya gitaa lolote: mbao ni tupu. Unyevu unaingia kwa tundu la sauti kama mgeni anayejua mlango wa nyuma.

Kwa hiyo ile manila sasa naisoma kama pasipoti. Mihuri ya kukatiza ni ya Kanada. Mihuri ya urefu ni ya Tanga. Vijisanduku ni pale zilipopigwa moja juu ya nyingine. Nyota peke yake haina nchi.

13 Aprili

Mwalimu kaja, nimemwambia uamuzi wangu: sikwangui. Uso una milimita 3 tu na msasa haurudishi ulichochukua. Nikipuliza klia mpya juu ya iliyopasuka, nyufa za chini zitapanda hadi juu ndani ya miaka michache. Na nikikwangua yote hadi mbao, mafuta ya nazi ya miaka 24 yameshapenya kwenye nyufa na kutia mbao madoa. Laka mpya haitashika pale, itajikunja na kufanya vijishimo tunavyoviita macho ya samaki. (Mama wa samaki angependa.)

Kakaa kimya. "Kwa hiyo ni mafuta yangu?"

"Nyufa si mafuta yako, Mwalimu. Giza lililo ndani ya nyufa ndilo la mafuta."

Nadhani nilisema vizuri, kwa sababu kaagiza chai nyingine.

Mei

Mwezi wa kusafisha, hakuna cha kuandika kwa kila siku. Kitambaa chenye unyevu mdogo, halafu petroli nyepesi ya kujazia viberiti vya utambi kuondoa mafuta, eneo la ukubwa wa kiganja kwa siku. Si dawa ya kupuliza fenicha, ile yenye silikoni. Inaingia kwenye nyufa na hakuna fundi atakayekuja baada yangu atakayeweza kupaka kitu juu yake. Pale kona za vijisanduku zilipoinuka nimepenyeza shelaki nyembamba kwa brashi ya nywele tatu, rafiki kaniletea magamba yake toka Nairobi, kisha nikabonyeza kwa karatasi ya nta. Miale ya nyota nayo nimeitia shelaki ili isimenyeke. Zile sehemu zinazonata nimeziacha zilivyo. Zimeshakuwa za mkono wa Mwalimu.

14 Juni

Kipimo: asilimia 52. Nyuzi mpya nyepesi. Mwalimu kaja na mkewe, wote wamevaa kama wanakwenda kanisani. Kakaa kwenye benchi la jirani, kalishika gitaa, kapiga ufunguo wa G na kusubiri uishe wenyewe kabla ya kugusa kitu kingine.

Mama alikuwa akiangalia ile manila ukutani, nyufa zote zikiwa na rangi zake: bluu za Kanada, kijani za Tanga. Akaweka kidole kwenye nyota, ambayo niliiacha kwa penseli.

"Hii hukuipaka rangi?"

"Sijajua ilikotoka, mama."

"Halijawahi kuanguka," kasema Mwalimu bila kuinua macho.

Mama kapanga vizuri kanga yake begani. "Lilianguka. Mwaka 1983. Ulikuwa Korogwe kusahihisha mitihani. Nilikuwa nalishusha juu ya kabati nifute vumbi, likatua kwenye kona ya cherehani. Nikalirudisha ndani ya kasha, nikafunga."

Mwalimu akazima nyuzi kwa kiganja. "Kumbe ndiyo maana mwaka ule kila nikitaka kupiga unaniambia majirani wamelala."

Nimechukua kalamu nyekundu nikaandika pembeni ya nyota: Tanga, 1983, cherehani.